Nguzo 14 za China na hati ya nyumba ya Tandika

Wiki hii naomba uniwie radhi, mambo ya mapenzi tuyaweke kabatini kidogo. Yule dada wa Magomeni anayeuliza kama amrudie jamaa yake, avute subira, jamaa hana pa kwenda. Leo nataka tuongee chuma. Ndiyo, chuma! Nguzo, kenchi, nati na bolti. Usigeuze ukurasa, maana humu ndani pia mna picha za kudanganya macho, ahadi tamu na mahari inayolipwa kwa mafungu.

Basi bwana, mimi nakaa kwa Baba mkubwa, Tandika. Baba mkubwa anafanya biashara ya mpunga, anaununua Ifakara na kuuleta mjini. Kwa miaka mingi amekuwa akipanga maghala ya watu kule, na kila mwaka mwenye ghala anampandishia kodi pale pale mpunga unapoanza kuingia. Mwaka juzi akachoka. Akasema sasa basi, najenga ghala langu mwenyewe, mita 20 kwa 36, la chuma, lisilo na nguzo hata moja katikati, lori liingie lizunguke litoke.

Hela hakuwa nayo yote. Benki ikamwambia lete hati ya nyumba. Na hapa ndipo Mama mkubwa anapoingia, maana kwa sheria zetu nyumba wanayokaa mke na mume haiwekwi rehani mpaka mwenzako akubali na kutia saini. Wanaume wengi hili hulijua wakiwa wameshafika kaunta.

Mama mkubwa anauza vitenge Kariakoo, miaka 20 sasa. Hakukataa. Alisema tu, “Nitasaini. Lakini hela ya mwisho haitoki mpaka mtu ninayemjua akione hicho chuma kwa macho yake. Mimi hata kitenge nakikunjua kabla sijalipa, sembuse nyumba.”

Baba mkubwa akacheka. Akatia saini yeye, akatia saini Mama mkubwa, hati ikalala benki.

Sasa chuma kitoke wapi? Tuna fundi wetu Gerezani, mtu wa grenda na kuchomelea tangu mimi sijazaliwa. Alipiga hesabu yake kwenye kipande cha boksi, akataja bei. Wakati huo huo Baba mkubwa alikuwa ameshatumiwa bei na kiwanda kimoja cha Foshan, kusini mwa China, karibu na Guangzhou. Bei ya kule ilikuwa karibu nusu ya ile ya Gerezani. Nusu! Fundi alipoambiwa, alinyamaza kidogo, halafu akasema, “Mzee, China ni mbali. Tundu likikosea kule, wewe utalia huku.”

Baba mkubwa ni mtu wa Kigoma, na watu wa Kigoma wana jibu moja la mambo ya namna hii. Akasema, “Hata Liemba ilikuja kwa masanduku.”

Na kweli ilikuja kwa masanduku. Ile meli ilijengwa na Wajerumani mwaka 1913 kwenye kiwanda cha Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, wakaiita Graf von Goetzen. Ikafungashwa kwenye masanduku kama 5,000, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni ya reli ya kati mpaka Kigoma. Februari 1915 ikaelea Ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiiachie maadui, mashine zikiwa zimepakwa grisi, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikaitwa Liemba. Babu alisafiri nayo, Baba mkubwa alisafiri nayo.

Lakini kuna kipande cha hadithi ambacho Baba mkubwa hukiruka kila anapoisimulia. Kile kiwanda hakikukata vyuma na kuvitupia sandukuni hivi hivi. Waliiunganisha meli kwanza kule kule kwao, wakaona kila tundu limekutana na mwenzake, ndipo wakaifungua tena kipande kwa kipande. Na juu ya hapo, watu watatu wa kiwanda walisafiri na mzigo mpaka Kigoma kuja kuiunga upya. Yaani walijua kabisa kwamba ukifika ziwani ukakuta kipande hakiingii, huna wa kumpigia simu.

Haya, turudi Tandika. Kazi ya kuandikiana na kiwanda nilipewa mimi, kwa kuwa ndiye mwenye Kiingereza cha form four na simu yenye bando. Kule alikuwepo dada mmoja wa mauzo, amejipa jina la Kizungu, mchangamfu huyo! Asubuhi anakusalimia na maua, jioni anakutumia video ya mashine inakata chuma cheche zinaruka. Ukimuuliza swali la bei anajibu dakika hiyo hiyo. Ukimuuliza unene wa bati la chini ya nguzo anasema atamuuliza injinia, na injinia huyo ndiye hatumwoni. Na saa zao ziko tano mbele ya zetu. Saa tatu asubuhi kwao, kwetu ni saa kumi alfajiri. Nimejifunza kusoma ramani za chuma jogoo akiwa bado hajawika.

Nikuibie siri ya bei, msomaji, maana hapa ndipo watu wanapigwa changa la macho. Kiwanda kinaweza kukupa bei ya mlangoni kwao, yaani gari la kwenda bandarini ni juu yako. Kinaweza kukupa bei inayoishia mzigo ukishapanda meli kule kwao, hiyo wanaiita FOB. Au bei iliyokwisha kujumlisha meli na bima mpaka bandari yako, hiyo ni CIF. Zote tatu zinaandikwa kwa dola na zote zinaonekana ni bei ya ghala. Ile nusu ya Baba mkubwa ilikuwa ya mlangoni. Fundi wa Gerezani alikuwa ametaja bei ya chuma kikiwa kimesimama Ifakara. Unaona walivyokuwa wakilinganisha embe na fenesi?

Malipo yalikuwa ya kawaida ya viwanda vya kule: asilimia 30 mbele, asilimia 70 kabla mzigo haujapanda meli. Ile 30 ikaenda mwezi wa kumi. Ramani zikaanza kuja.

Fremu zilikuwa saba, kila moja na nguzo mbili, kwa hiyo nguzo 14, ukiacha zile nyembamba za kuta za mbele na nyuma. Kila kenchi imekatwa katikati kwa sababu kontena la futi 40 ndani lina mita 12 tu, chuma cha mita 20 huwezi kukikunja kama mkeka. Kila nguzo inakaa juu ya zege kwa bolti nne zilizozamishwa humo mapema. Zege linamwagwa huku, nguzo inatobolewa kule, na siku ya kukutana ni moja. Kama huyo uliyeandikiana naye barua miaka miwili mnakutana stendi, kila mtu ana picha yake kichwani.

Ramani ya kwanza ilionyesha nguzo zenye kimo cha milimita 250, bolti zikiwa na nafasi ya milimita 180. Baba mkubwa, mvua zikiwa mlangoni na njia ya Ifakara anaijua, akaharakisha. Novemba zege likamwagwa, bolti 56 zikazama mahali pake, safi kabisa, fundi wa kule kanitumia na picha.

Desemba ikaja ramani ya pili. Injinia wao alikuwa amepiga upya hesabu za upepo, nguzo akazinenepesha zikawa 300. Na kwa kuwa nguzo imenenepa, bolti nazo wakazisogeza nje, kutoka 180 zikawa 220. Badiliko lenyewe limeandikwa kwenye kona ya chini ya karatasi ya tisa, maandishi ya sisimizi. Baba mkubwa akaletewa karatasi 14 siku ya soko, akauliza ni zile zile? Dada wa mauzo akasema zile zile, zimeboreshwa kidogo tu. Akasaini zote mgongoni mwa pikipiki. Mimi nilikuja kuonyeshwa wiki mbili baadaye, zikiwa zimesharudi China.

Mpaka hapo hakuna aliyejua. Dada anatuma video, nguzo zimepangwa, zimepakwa rangi ya kijivu, zinameta kama viatu vya bwana harusi. Halafu akaanza haraka. Mwaka Mpya wa Kichina unakuja, kiwanda kinafunga, wafanyakazi wanarudi kwao vijijini, lipeni wiki hii mzigo uwahi meli, la sivyo mtasubiri mpaka baada ya sikukuu. Na kweli viwanda vya kule vinafunga, si uongo, wiki mbili na zaidi mtu humpati. Ila wewe mnunuzi ndipo presha inapokupanda. Baba mkubwa akavaa shati la benki.

Mama mkubwa akamwambia, “Nani amekikunjua?”

Nakwambia siku ile nyumba ilikuwa ya moto! Baba mkubwa anasema mnanichelewesha, mpunga haungoji. Mama mkubwa anasema nyumba ndiyo haingoji, ikipigwa mnada inapigwa mnada. Mimi nimekaa mlangoni na simu, dada wa mauzo ananitumia maua.

Mwisho wakakubaliana. Kuna kijana wa Kitanzania yuko Guangzhou, anasaidia wafanyabiashara wa Kariakoo kukusanya mizigo, na Mama mkubwa alikuwa akimtumia kwa vitenge. Foshan kwake ni kama kutoka Posta kwenda Mbagala. Akapewa nauli, posho na orodha niliyoiandika mimi usiku huo: apime unene wa chuma, apime urefu wa kila aina ya kipande, aangalie kama namba iliyogongwa kwenye chuma inafanana na namba kwenye cheti cha kiwanda kilichokiyeyusha, na apime matundu. Kwa matundu nilimwambia asiangalie ramani. Apime tu, anitajie. Na mimi huku nikampigia fundi wa Ifakara, nikamwambia na yeye asiangalie ramani, apime bolti zilizo kwenye zege.

Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita. Guangzhou: 220. Saa mbili asubuhi Ifakara ikajibu: 180.

Nilirudia kuuliza mara tatu pande zote mbili. Halafu nikaenda kumwamsha Baba mkubwa. Alisoma zile namba mbili, akakaa kitandani kimya, akaniuliza maji ya kunywa yako wapi, na yako pale pale yalipo siku zote.

Labda unasema milimita 40 ni kitu gani, si upana wa vidole viwili? Tundu lenyewe lilikuwa la milimita 28. Ukisogeza kila upande milimita 20, tundu jipya linaliingilia la zamani, linakuwa si tundu tena, ni mdomo wa mtu anayepiga miayo. Kwa hiyo huwezi kutoboa tu upya, lazima bati zima la chini likatwe na kuchomelewa jingine. Nguzo 14. Kiwandani hiyo ni kazi ya siku chache, kuna mashine na winchi. Ifakara ni mtungi wa gesi, jenereta, rangi iliyoungua, na masika yamefika.

Dada wa mauzo maua yakaisha. Akajibu kwa sentensi moja: mteja alisaini ramani. Na ni kweli alisaini! Hapo huna kesi, hata ungekuwa na wakili mwenye suti tatu. Tulichokuwa nacho ni kimoja tu, ile asilimia 70 ilikuwa bado Tandika. Chuma kilichotobolewa kwa ajili ya ghala la Ifakara hakina mnunuzi mwingine duniani, wao wanajua, sisi tunajua. Kama tungekuwa tumelipa wiki ile ya presha, ningekuwa naandika kilio hapa badala ya makala.

Mazungumzo yalichukua siku nne. Hatukutukanana. Injinia akajitokeza, kumbe yupo! Akasema harudishi 180 bila hesabu, na hapo namtetea, alikuwa sahihi, maana bolti ndizo zinazoshika jengo upepo ukivuma. Tukamtafuta injinia wa hapa Dar, akapiga hesabu, akaandika kwamba kwa jengo lile bolti za 180 zikiwa ndani ya mbavu za nguzo zinatosha, akagonga muhuri wake. Kule wakakubali. Chuma cha mabati mapya kikawa juu yao, kukata na kuchomelea na kupaka rangi upya kikawa juu yetu, na kazi yote baada ya sikukuu. Mama mkubwa akaongeza sharti lake, kama la wale Wajerumani wa Liemba: fremu moja iunganishwe nzima pale sakafuni, kijana wetu awepo. Walilalamika kuhusu nafasi. Wakaiunganisha.

Kijiweni nilipoisimulia hii, washikaji wakaanza wimbo ule ule, aah, vitu vya Kichina kanyaboya. Mimi hapo nakataa. Kule California kuna daraja la San Francisco na Oakland, upande wake mpya wa mashariki ulifunguliwa Septemba 2013. Mnara wake na sehemu kubwa ya chuma cha njia vilitengenezwa Shanghai vikavushwa bahari ya Pasifiki kwa meli. Maneno kuhusu weldi za Shanghai yalikuwepo, wakaguzi walisumbuana nazo sana. Lakini Machi 2013 vilivyokatika ni vyuma virefu vya kushikilia daraja kwenye nguzo yake, 32 kati ya 96, siku chache baada ya kukazwa. Vilitengenezwa wapi? Ohio, Marekani, nyumbani kwao kabisa! Chuma hakina kabila, jamani. Kiwanda cha Foshan kilifanya hasa kile kilichoandikwa kwenye karatasi iliyosainiwa. Unene ulikuwa sawa, vyeti vilikuwa sawa, weldi kijana alizipiga picha mpaka simu ikajaa.

Mzigo ulipanda meli mwezi wa tatu, ukachukua kama mwezi mmoja baharini. Bandarini sitaki kukuchosha, unajua mwenyewe: ushuru, VAT asilimia 18, wakala wa forodha, siku za kontena kukaa, lori. Kila karatasi ilikuwa na mdomo wake. Mama mkubwa aliziweka zote kwenye mfuko wa vitenge.

Ghala lilisimamishwa mwezi wa sita. Baba mkubwa, bila kuambiwa na mtu, alikwenda mwenyewe Gerezani kumchukua yule fundi aliyemkatalia bei. Fundi hakumkumbusha kitu, alikubali tu na kutaja posho nzuri. Nguzo ya kwanza ilishushwa kwa winchi ya kukodi, vijana wanne wameishika, fundi amelala kifudifudi shavu kwenye zege anaangalia. Ikakaa. Akageuza kichwa akasema, “Leta nati.”

Zilipofika bolti ndogo za kushikia mabati ya paa, mfuko mmoja haupo. Bolti 60 zimebaki China au zimepotea baharini, Mungu anajua. Fundi alimpigia mwanawe simu, zikanunuliwa Gerezani mchana huo, zikapanda basi, asubuhi ziko Ifakara. Alizipokea stendi akitabasamu peke yake.

Usiku mmoja nilikaa na ule mfuko wa vitenge nikapiga jumla. Chuma, kijana wa Guangzhou, injinia, mabati mapya, meli, ushuru, bandari, lori, posho. Nikaweka pembeni bei ya fundi ya kwenye kipande cha boksi. Ile nusu ilikuwa imeyeyuka, tofauti iliyobaki haifiki bei ya pikipiki moja mpya. Kwangu mimi, kwa ghala la ukubwa ule, ningempa kazi fundi na kulala usingizi wangu. Nilimwonyesha Baba mkubwa. Alitazama, akasema ghala ni zuri. Na ni zuri kweli, lori linaingia na kuzunguka.

Hati bado iko benki, imebaki miezi 19. Majuzi wakati wa chakula Baba mkubwa alianza kutaja mashine ya kukoboa mpunga, kubwa, anaagiza, kuna kiwanda kimeshamtumia picha. Mama mkubwa hakuinua uso kwenye sahani. Aliuliza tu kama zege limeshamwagwa.